Karatasi ya Kura na Mkono Ulioiandika

Kila baada ya miaka mitano husemwa kwamba wananchi wameamua. Husemwa na mshindi akiwa mbele ya umati, husemwa na mwenyekiti wa tume akikunja waraka wake, na kesho yake magazeti hulichapa kwa herufi kubwa. Neno hilo limezoeleka hata halisikiki tena. Walakini likiulizwa swali moja tu, wameamua nini, jawabu lake huanza kutetereka. Wameamua baina ya majina mawili, matano au kumi na saba yaliyochapwa juu ya karatasi. Aliyeyachapa ni mpiga chapa. Aliyeyachagua ni nani?

Suala hilo ndilo linalokwepwa. Mabishano ya siasa, Unguja na Pemba kama ilivyo Tanzania Bara na Kenya, yamekuwa mabishano ya masanduku: limefungwa saa ngapi, limechukuliwa na nani, limehesabiwa mbele ya wakala yupi. Hapana anayekana kwamba mambo hayo yana uzito. Watu wamekufa kwa ajili yake. Lakini anayeiba sanduku huja mwisho wa shughuli, na aghalabu huja kwa sababu mwenzake wa mwanzo hakuifanya kazi yake sawasawa. Mwenzake wa mwanzo ni yule anayekata majina. Utawala wa wachache hausimamishwi siku ya kupiga kura. Husimamishwa miezi kadhaa kabla, ndani ya ukumbi mmoja, na siku ya kura huwa ni siku ya kuutilia muhuri. Serikali inayopatikana kwa njia hiyo yaweza kuwa nzuri au mbaya, yaweza kujenga barabara na skuli, lakini kuiita serikali ya umma ni kuipa nasaba isiyo yake.

Kiswahili, ambacho mara nyingi huwa na kumbukumbu ndefu kuliko wasemaji wake, kina la kusema hapa. Neno kura asili yake ni Kiarabu, qur'a, na maana yake ni bahati nasibu: vijiti vinavyochomolewa, majina yanayochanganywa ndani ya kofia. Watoto wanaopiga kura nani aanze mchezo wanalitumia neno kwa maana yake kongwe. Na maana hiyo kongwe ndiyo waliyoielewa watu wa Athens, karne ya tano na ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walipotaka kuuweka utawala mikononi mwa raia wengi. Baraza lao la watu 500 lilijazwa kwa bahati nasibu, na waliochaguliwa kwa kuinuliwa mikono walikuwa wachache, wakiwamo majemadari. Aristotle aliandika bila ya kuona haya kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu ni jambo la kidemokrasia na kuvigawa kwa uchaguzi ni jambo la utawala wa wachache. Watu hao walikuwa na aibu zao, kwani mwanamke na mtumwa hawakuhesabiwa. Lakini hesabu yao ilikuwa wazi: ukichagua, utamchagua mwenye jina, mwenye mali au mwenye ulimi, ilhali kijiti kikichomolewa hata mvuvi hupata zamu. Walimwengu wa leo wamelichukua jina la mfumo ule na kuliweka juu ya chombo ambacho wenyewe waliomo waliamini kuwa ni kinyume chake.

Hilo halina maana kwamba uchaguzi hauna heri. Lina maana kwamba uchaguzi, ukiachwa kama ulivyo, huelekea kwa wakubwa kama maji yaelekeavyo bondeni, na kwamba kila jambo la haki lililomo ndani yake limewekwa kwa mapambano. Robert Michels, Mjerumani aliyekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, aliandika mwaka 1911 kwamba hata vyama vinavyohubiri usawa huishia mikononi mwa makatibu na wenyeviti wake. Hakuwa adui wa vyama hivyo. Alikwishakaa vikaoni mwao.

Visiwa hivi havikuhitaji kungoja Mjerumani avifundishe. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilianza mwaka 1926, na wajumbe wake wasiokuwa watumishi wa serikali waliteuliwa kwa kabila na asili: Waarabu, Wahindi, Wazungu. Mwafrika wa kwanza hakuteuliwa mpaka mwaka 1946. Uchaguzi ulipokuja, Julai 1957, ulikuwa wa viti 6 tu, na wapiga kura walikuwa wanaume waliotimiza masharti ya umri na ya elimu au mali. Wanawake walisubiri mpaka 1961. Januari ya mwaka huo ASP ilipata viti 10 na ZNP viti 9, na kiti kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. Kura moja! Hadithi hiyo bado inasimuliwa vibarazani, na inastahili kusimuliwa, kwa kuwa hapajawahi kuwa na siku ambayo kura ya mtu mmoja ilionekana kwa macho namna ile.

Lakini tazama yaliyofuata. Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Wanaoyatetea Mapinduzi huitaja hesabu hiyo kuwa ni ushahidi wao. Wanaoyalaani hujibu kwamba sheria ilikuwa ni ya majimbo, na majimbo ndiyo yaliyoamua. Pande zote mbili zimekuwa zikibishana juu ya nani aliyedhulumiwa, na zote mbili zimepita kando ya jambo lenyewe, yaani kwamba mipaka ya majimbo nayo ni karatasi iliyoandikwa na mkono wa wachache kabla ya mpiga kura hajaondoka nyumbani kwake. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na tangu hapo visiwa havikuwa na baraza lao lililopatikana kwa uchaguzi wa namna yoyote mpaka mwaka 1980. Miaka kumi na sita. Aliyezaliwa wiki ya Mapinduzi alikwishaota ndevu.

Bara, wakati huo huo, chama kimoja kiliendesha jambo la ajabu ambalo leo husahauliwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha majina mawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwengine alama ya nyumba, watu wakaambiwa wachague. Orodha ilikuwa ya wakubwa bila ya kificho. Na bado wananchi waliitumia nafasi ile finyu kuwaangusha wabunge wengi, mawaziri wakiwamo. Kwa hakika hapo ndipo penye funzo chungu: wapo wapiga kura wa chama kimoja waliokuwa na uwezo wa kumwondoa mkubwa ambao wajukuu wao wa vyama vingi hawanao, kwa sababu wale walipewa majina mawili na hawa mara nyingine hupewa moja.

Vyama vingi vilirudi Julai 1992. Nani tangu hapo amekuwa akichagua Rais wa Zanzibar? Kwa mujibu wa Katiba, wananchi wa Zanzibar. Kwa mujibu wa mwenendo, jibu ni refu zaidi. Mwaka 2000 Kamati Maalumu ya CCM Zanzibar ilimpa Mohamed Gharib Bilal kura nyingi kuliko washindani wake. Majina yakavuka bahari, yakafika Dodoma, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikamteua Amani Abeid Karume. Mwaka 2020 zaidi ya wanachama 30 walichukua fomu. Yalipochujwa yakabaki majina matatu, na mwezi Julai, huko huko Dodoma, Hussein Ali Mwinyi akapata kura 129 kati ya 164. Wapiga kura waliojiandikisha visiwani mwaka huo walikuwa zaidi ya laki tano. Wale 164 wengi wao hawapigi kura Unguja wala Pemba. Miezi mitatu baadaye laki tano waliombwa wakubaliane na 164, na ikatangazwa kwamba asilimia 76 wamekubali.

Haisemwi hapa kwamba walioteuliwa hawafai. Si mabaya wala si dhambi mtu kuwa mtoto wa rais. Marekani imekuwa na Bush baba na Bush mwana, Kenya imekuwa na Kenyatta wawili. Lakini pale ambapo mlango ni mwembamba na mabawabu ni wachache, ajabu ingekuwa kama majina yanayojulikana na mabawabu yasingepita mbele. Mnunuzi aliyefika markiti ya Darajani anaweza kujisifu kwamba amemchagua nguru kwa macho yake mwenyewe. Waliobaki nyuma kwenye ngarawa hakuwaona.

Na mlango huo umefungwa kwa makusudi. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye wengi walimcheka kwa kelele zake na wengine walimchukia kwa aliyoyasema juu ya Waislamu na Wazanzibari, ndiye aliyeligonga hodi suala hili kwa miaka ishirini, na kwa hilo anastahili kupewa haki yake hata na asiyempenda. Alidai kwamba raia awe na haki ya kugombea bila ya kudhaminiwa na chama. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alimkubalia. Wino haujakauka, Bunge likabadilisha Katiba kwa Mabadiliko ya Kumi na Moja na kukirudisha kizuizi pale pale. Mtikila akarudi mahakamani, na Mei 2006 majaji watatu wakamkubalia tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji wa Mahakama ya Rufani wakasema kwamba hilo ni suala la kisiasa, waachiwe Bunge. Yaani waliokwishaingia ndani waachiwe waamue kama mlango ufunguliwe kwa walio nje. Mtikila akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba kizuizi hicho kinavunja haki ya raia ya kushiriki katika uendeshaji wa nchi yake. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Uchaguzi wa mwaka huo, wa 2020 na wa 2025 yote imepita, na mgombea binafsi hajaonekana juu ya karatasi.

Kwa hivyo raia wa nchi hii anayo haki ya kuchagua, na haki ya kuchaguliwa anaikopa kwa chama. Akikosana na mwenyekiti wa wilaya, deni limedaiwa.

Kenya inafaa kutazamwa hapa, si kwa kuwa ni mbaya zaidi, bali kwa kuwa sanaa hii ilifika kwao mapema na kwa kuwa mtu wa pwani aliilipia. Agosti 1968 palikuwa na uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya. Fomu za wagombea wa chama cha upinzani, KPU, zilikataliwa kwa mamia na wasimamizi wa uchaguzi kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa; za KANU zikaonekana safi, na watu wake wakapita bila kupingwa. Mwaka huo huo kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijarida kilichouliza kwa jina lake tu Kenya inakwenda wapi. Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika kifungoni yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na leo husomwa madarasani na hupewa sifa ya lugha yake, ya vina vyake, ya lahaja yake ya Kimvita. Yote ni kweli. Lakini wahakiki wamezoea kulizungumza gereza kana kwamba lilikuwa ni ala ya utunzi, na kulisahau kosa. Kosa lilikuwa ni kuuliza hadharani kama utawala ule, uliokuwa umeanza kujichagulia wapinzani, bado ulikuwa wa wananchi.

Miaka ishirini baadaye KANU iliacha hata adabu ya fomu. Mwaka 1988, katika kura za mchujo, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuwa mbunge. Jina la mlolongo limebaki katika lugha kama kovu. Walakini Wakenya walilitibu kovu lile: Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea binafsi, na wapo waliochaguliwa kwa njia hiyo. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama yao ya juu ikaufuta uchaguzi wa rais. Mlango ukafunguliwa, ingawa mwenye mfuko mzito bado ndiye anayeupita kwa urahisi, na ingawa vyama bado hugawa tikiti usiku kwa wapendwao. Hapana nchi iliyomaliza kazi hii. Marekani yenyewe, ambako mwanachama wa kawaida hupiga kura za mchujo, ilitumia zaidi ya dola bilioni 14 katika uchaguzi wa mwaka 2020, na fedha hizo hazikutoka katika vikapu vya akina mama wauza vitumbua.

Ilhali Kenya ilikuwa imeiacha sanaa ya fomu, Tanzania iliiokota. Novemba 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa Bara, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao kwa maelfu wameenguliwa: huyu hakuandika jina la chama kwa ukamilifu, yule alikosea tarehe, yule mwengine alikuta ofisi imefungwa. CCM ikatangazwa kuwa imeshinda takriban asilimia 99. Maneno kuengua na kupita bila kupingwa yakawa ni msamiati wa kila siku. Kuengua, kwa wapishi, ni kuondoa povu lililo juu ya chungu. Aliyelipeleka neno hilo kwenye siasa alijua anachokisema juu ya watu.

Ipo pia milango midogo, ambayo haiandikwi magazetini kwa kuwa iko karibu mno. Zanzibar mlango huo huitwa sheha. Sheha huteuliwa na mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Ili mtu aandikishwe kuwa mpiga kura anatakiwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Ili apate kitambulisho, sheha amtambue. Mtu aliyezaliwa, aliyekulia na aliyemzika babaake katika shehia ile ile anaweza kusimama mbele ya meza na kuambiwa kwamba hajulikani. Mwaka 2009 uandikishaji ulisimamishwa kwa muda huko Pemba kwa sababu ya mzozo wa vitambulisho hivyo. Wataalamu wa utawala hupenda kutafuta tabaka la wakubwa katika makasri na mabenki. Mkulima wa karafuu wa Micheweni hana haja ya kwenda mbali hivyo. Anajua nyumba yake, anajua mlango wake una rangi gani, na anajua ni siku gani mwenyewe hukataa kuonekana.

Kisha ikaja takrima. Neno hili lilikuwa tukufu. Limetokana na ukarimu, na maana yake ni heshima anayofanyiwa mgeni: kahawa, halua, mkeka uliotandikwa upya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Muungano ilifanyiwa mabadiliko yaliyomruhusu mgombea kuwafanyia wapiga kura takrima kwa nia njema, kufuatana na mila. Mila ikageuzwa kuwa wakili wa rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa hoja nyepesi iliyotosha: mwenye mali hukirimu na maskini hukirimiwa, basi usawa wa wagombea uko wapi? Sheria ikaondoka. Bahasha hazikuondoka, zilihama tu kutoka kwa wapiga kura wengi hadi kwa wajumbe wachache wa kura za maoni, na hilo si jambo la kushangaza, kwa kuwa kumkirimu mjumbe mmoja ni rahisi kuliko kuikirimu shehia nzima. Huo nao ni ushahidi wa mahali ulipo uamuzi. Fedha hazipotei njia.

Wapo wanaojibu kwamba haya yote hayaepukiki. Jahazi, husema, haliendeshwi na abiria. Kila nchi lazima iwe na wajuzi wachache wa kuiendesha, na vyama vipo ili kuwachuja wajinga na wahuni wasifike usukani. Hoja hiyo ni ya zamani na haifai kudharauliwa. Lakini abiria wa jahazi huchagua chombo cha kupanda, huambiwa kabla ya kung'oa nanga kwamba linakwenda Tanga au Lamu, na akifikishwa pasipo mahali pake hudai nauli yake. Na tena ujuzi wa kuendesha si sawa na haki ya kuchagua nani aendeshe. Aliyekosea fomu mwaka 1968 au 2019 hakuchujwa kwa ujinga. Kama kizuizi kingekuwa ni cha wajinga, basi wangeondolewa wa vyama vyote kwa kiwango kimoja, maana ujinga hauna kadi ya chama.

Wengine, na hawa ni wengi zaidi vibarazani, hujibu kwa kunyanyua mabega: wakubwa ni wakubwa, kura ni mchezo, lala nyumbani. Maneno hayo hujivika nguo ya hekima, lakini hakuna anayefaidika nayo kuliko wakubwa wenyewe. Lau kura ingekuwa haina thamani, nani angejisumbua kuengua, kukata, kuhonga, kuzuia vitambulisho? Mtu haweki kufuli juu ya mtungi mtupu.

Upinzani nao usijione msafi. Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita, tangu 1995 hadi 2020. Alipendwa, na mapenzi hayo hayakuwa ya kununuliwa. Lakini miaka ishirini na mitano hakupatikana mwengine, na chama kilichozoea jina moja kilipogombana juu ya uongozi kilipasuka kama gudulia. Ibrahim Lipumba aligombea urais wa Muungano mara tano. Freeman Mbowe aliiongoza CHADEMA tangu 2004 hadi Januari 2025, alipoangushwa na Tundu Lissu kwa kura 482 dhidi ya 513, usiku ambao wanachama walikesha wakihesabu hadharani. Kwa nini tukio lile liliwasisimua hata wasiokipenda chama kile? Kwa sababu ni nadra sana, katika chama chochote cha Afrika Mashariki, kuona aliyeshika ufunguo ananyang'anywa kwa kura na kuukabidhi.

Hata Maridhiano ya Novemba 2009, ambayo yaliwaondolea watu wa visiwa hivi khofu ya miaka mingi na ambayo hapana mpenda amani anayeweza kuyabeza, yalianza kwa watu wawili, Karume na Maalim Seif, kukutana faragha. Wananchi waliulizwa baadaye, Julai 2010, na zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo. Ilikuwa ni mara chache waliyoulizwa jambo badala ya kuulizwa mtu. Lakini lililofungwa na wawili lilikuwa jepesi kufunguliwa na mmoja. Tarehe 28 Oktoba 2015, kura zikiwa zimekwishapigwa na sehemu kubwa ya matokeo ikiwa imetangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alionekana katika televisheni akisoma tamko la kuufuta uchaguzi wote. Marudio yalifanyika Machi 2016 bila ya CUF, na mshindi akapewa asilimia 91. Mahakama hazikuweza kuulizwa, kwa kuwa Katiba zimeziba mdomo wa mahakama katika matokeo ya urais. Mwaka 2020 Jecha alikuwa miongoni mwa waliochukua fomu kuomba urais wa Zanzibar kwa tiketi ya CCM.

Na uchaguzi wa mwaka 2025 uliondoa hata pazia. Januari mkutano mkuu wa CCM ulimpitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee wa chama, bila ya mwengine kupewa fomu. Aprili Lissu alikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye CHADEMA ikazuiwa kushiriki kwa kutotia saini kanuni za maadili. Septemba Mahakama Kuu ikamrudisha Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo katika orodha ya wagombea urais, na kabla ya wiki kwisha tume ikamwengua tena. Tarehe 29 Oktoba karatasi ilikuwa na majina mengi, na kila aliyeishika alijua ni yapi yaliyokosekana. Ikatangazwa asilimia 97.66. Bara, siku hiyo na zilizofuata, watu waliuawa mitaani na intaneti ikazimwa. Wale vijana hawakuwa wanagombea hesabu ya masanduku. Walikuwa hawana cha kuhesabu.

Yanayotakiwa hayana ugeni wowote. Mgombea binafsi aruhusiwe, kama ilivyoamuliwa Arusha. Mgombea urais wa Zanzibar apatikane kwa kura za wanachama wa Zanzibar, katika kila chama, si kwa kikao. Matokeo ya urais yafikishwe mbele ya jaji. Sheha achaguliwe na watu wa shehia yake, wanaomjua na wanaojulikana naye. Mkuu wa mkoa hatakufa kwa hilo. Kila moja kati ya hayo limekwishadaiwa na watu wengi, kwa heshima, kwa maandishi, na baadhi yake kwa hukumu za mahakama. Wanaoweza kuyatekeleza ndio hao hao ambao kutotekelezwa kwake kumewaweka walipo, na mwenendo wao umekwishaonekana: Novemba 2019 Tanzania ilijitoa katika tamko lililomruhusu raia kupeleka mwenyewe shauri lake mbele ya Mahakama ya Afrika. Tangu Novemba 2020 Mtikila mwengine hawezi tena kuingia kwa mlango ule, ingawa mahakama yenyewe ipo Arusha, mwendo wa siku moja kutoka bandari ya Malindi.